Sauti Nene ya Mdogo Wangu

Sauti nene ya mdogo wangu ilirudi Jumamosi, katikati ya harusi ya watu, na ukumbi mzima ulishangilia isipokuwa mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ngoma kubwa kifuani, mikono ikiendelea kupiga kwa mazoea. Moyoni nilikuwa nasema: hapana, hapana, usirudi.

Ngoja nieleze, maana nikiishia hapo mtu atasema dada gani huyu mwenye kijicho.

Sisi ni bendi ya matarumbeta. Tunapiga kwenye harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka, popote palipo na watu wanaotaka kelele za heshima. Mimi ndiye mkuu wa bendi na ndiye mpiga ngoma kubwa, na wananiita Kamanda kwa sababu nafoka. Nafoka, ndiyo. Shinda wiki nzima dukani unawauzia mafundi misumari na rangi kwa mkopo, tuone kama hutajifunza kufoka. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ndiye tarumbeta ya kwanza. Mchana anatengeneza makufuli, lakini mji mzima unamjua kwa jina la kazi ya jioni: Baragumu.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Mwanzoni alikuwa mpulizaji wa kawaida, mzuri tu, wa kumsifia mbele ya mama yake. Kisha, pole pole, sauti ya tarumbeta yake ikaanza kunenepa, na yeye pia. Midomo ilijaa, ulimi ukawa mzito, taya likachomoza, vidole vikawa kama ndizi, viatu vya mwaka jana vikawa havimwingii. Sisi tulicheka. Fundi Saa, mpiga tromboni wetu, ambaye anarekebisha saa za watu na hajawahi kufika mazoezini kwa wakati hata siku moja, alimwambia, "Bwana, wewe bado unakua? Mwambie shemeji apunguze sahani." Lakini ile sauti, jamani! Ilikuwa nene, ya joto, inakuingia kifuani kabla haijafika sikioni. Watu walisogeza tarehe za harusi ili wampate yeye.

Baadaye akaanza kugonga vizingiti vya milango. Anapita mlangoni, bega paa! Anamwaga chai iliyowekwa pembeni yake kwa sababu hakuiona. Kichwa kikawa kinamuuma tangu anapoamka. Wifi yangu, mkewe, mwalimu wa chekechea na mpole kuliko sisi wote, ndiye aliyemkokota hospitali.

Huko daktari alitueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe, na pale pameota uvimbe. Uvimbe huo ulikuwa unamwaga homoni ya kukua ndani ya mtu aliyekwisha kukua. Ndio uliojaza midomo na ulimi, ndio uliomchomoza taya, na kwa hiyo ndio uliompa ile sauti. Sasa ulikuwa umepanda, umekandamiza mishipa ya macho, na ndiyo maana vya pembeni havioni. Nilipotoka pale nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kwa sauti, sikujali nani ananitazama. Kumbe tulikuwa tunaupigia makofi ugonjwa.

Walimpasua kwa kupitia puani. Mimi nilidhani nataniwa nilipoambiwa, puani! Uvimbe ukatoka, macho yakafunguka, tukashukuru. Halafu puani kukaanza kudondoka maji, meupe, mepesi, tone kwa tone kila akiinamisha kichwa. Sisi tukasema mafua. Daktari akasema hayo si mafua, hayo ni maji ya ubongo, pale walipopita hapajaziba sawasawa. Akalazwa tena, chali, mgongoni kachomekwa mpira wa kupunguza maji, na amri zikatolewa mbele yetu wote: asipenge kamasi, asiinue mzigo, asijikamue chooni, na tarumbeta asiiguse hadi aruhusiwe. Kwa sababu njia ikiwa wazi, maji yakitoka, uchafu wa puani nao unaweza kuingia, na ukiingia huko mtu anashikwa na homa ya uti wa mgongo.

Palikauka, Mungu si Athumani. Akaruhusiwa. Siku ya kwanza aliyoweka tarumbeta mdomoni tulikusanyika sebuleni kwake kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Midomo ilikuwa imenywea, ulimi umerudi wa binadamu. Akapuliza. Ikatoka sauti nyembamba, yenye mtetemo, kama birika linaloanza kuchemka.

Wifi alipiga makofi peke yake.

"Dada," aliniambia wale wengine walipoondoka, "walitoa uvimbe wakamtoa na Baragumu humo humo."

"Na wamekuachia nini?" nikamfokea. "Macho, kichwa, mke! Mimi nataka mdogo wangu asiyejua kupiga, kuliko tarumbeta isiyo na mwenyewe."

Akacheka, lakini halikuwa cheko la moyoni. Wateja nao wakaanza kuuliza kwa adabu kama kuna mpulizaji mwingine. Fundi Saa akawa anapewa sehemu kubwa kubwa. Mdogo wangu akawa anapiga huku ameweka kiziba kwenye mdomo wa tarumbeta, ili sauti itoke ya chini chini, anasema hataki kuwafunika wenzake. Daktari alituonya kwamba uvimbe wa aina hii una tabia ya kurudi, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa alitakiwa kwenda kupimwa damu na kupigwa picha ya kichwa. Alikuwa anakwenda, anarudi, ananiambia, "Safi, dada. Kila kitu safi." Nami nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Sasa, Jumamosi.

Sisi tuna kawaida yetu ya kazi. Baragumu anasimama mbele, anawatazama maharusi, hageuki, kwa sababu watu hawakulipia kisogo. Mimi nasimama nyuma kidogo, kushoto kwake. Wimbo ukikaribia mahali pake nainua kirungu cha ngoma juu, pembeni mwa jicho lake, naye anaingia. Tumefanya hivyo miaka na miaka.

Jumamosi niliinua kirungu, hakuingia. Fundi Saa akapiga kisigino sakafuni, ndipo akaingia, amechelewa kidogo. Wimbo wa pili, vile vile: kirungu juu, yeye kimya, kisigino, anaingia. Nikapandwa na hasira. Nikajisemea, huyu sasa ananifanyia jeuri mbele za watu, ngoja tumalize.

Ndipo baba wa bwana harusi akasimama na kuomba ule wimbo wa zamani, uliompa Baragumu jina. Mdogo wangu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekataa. Kisha akang'oa kiziba, akakiweka chini karibu na kiatu chake, akapuliza.

Ilikuwa ile ile. Nene, ya joto, pana. Wanawake waliacha sahani zao. Bibi harusi aliweka mkono mdomoni. Fundi Saa alinigeukia, meno yote nje, machozi yanamlenga, akanong'ona, "Kamanda! Amerudi!" Nami nilijua nani aliyerudi. Sauti ile haitoki kwenye midomo miembamba. Nilimwangalia mdogo wangu shingoni, kola ya shati ilikuwa imelowa jasho na ukumbi ulikuwa na viyoyozi, nikakumbuka kwamba mkono ulioshika tarumbeta siku hizi hauna pete ya ndoa, vidole vimeanza tena kuwa ndizi.

Wimbo uliisha kwa vigelegele. Alifungua kile kitundu cha chini cha kutolea maji, akapuliza mate yatoke, kama wapuliza tarumbeta wote wanavyofanya. Sakafu ya bendi yetu huwa na majimaji kila siku na hakuna anayeyaangalia. Lakini tarumbeta alikuwa ameshaisogeza pembeni, na bado tone lilidondoka. Lilidondoka kwenye ncha ya kiatu chake. Halafu lingine.

Mshereheshaji akatangaza mapumziko mafupi kabla ya keki. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikamwingiza kwenye chumba cha nyuma wanakorundika viti vya ziada, nikafunga mlango.

"Inama."

"Dada, nini tena?"

"Inama, kidevu kifuani. Usinibishie."

Aliinama. Tukangoja. Tone jeupe, jepesi, likachuruzika kutoka tundu moja la pua, likaning'inia, likaanguka sakafuni. Likafuata lingine.

"Ni maji ya tarumbeta," alisema, akiwa bado ameinama.

"Tarumbeta iko juu ya kiti. Kooni unasikia chumvi?"

Akalifuta tone la sakafuni kwa kiatu.

"Nakuuliza, kooni kuna chumvi?"

"Tangu juzi."

"Na hiyo sauti tangu lini?"

Aliinuka, akajipangusa pua kwa kiganja. Nilipomwangalia usoni kwa karibu nikaona yote kwa pamoja, midomo, paji la uso, mapengo kati ya meno, na nilishindwa kuelewa macho yangu yalikuwa wapi. "Kitambo," alisema. "Nilikuwa naificha kwenye kiziba."

"Na kliniki? Si uliniambia safi?"

"Sikwenda mara mbili za mwisho. Niliogopa watanipima."

"Ebo! Sasa kliniki wafanye nini, wakupikie? Mficha maradhi..."

"Kilio humuumbua. Najua, dada. Mama alituimbia wote."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, na yule mtu mkubwa akaonekana mdogo, yule niliyekuwa nambeba mgongoni. "Wewe hujui," alisema taratibu. "Mwaka mzima nimekuwa mzima wa afya na hakuna anayenihitaji. Nameza vidonge vyangu vya homoni, natengeneza kufuli, nalala. Leo umewaona? Umemwona yule mzee alivyosimama? Wakinipasua tena, hii sauti siipati tena maishani. Nipe wimbo mmoja tu. Wa keki, na ile noti ndefu ya mwisho. Ukiisha nipeleke unakotaka, hata machinjioni."

"Ukiisukuma ile noti ndefu, hapo palipotoboka patapasuka zaidi. Daktari aliyasema mbele ya mkeo. Uchafu utaingia kichwani."

"Basi nife napiga."

"Utakufa unatapika! Hakuna anayekufa anapiga, hayo ni mambo ya kwenye nyimbo!"

Mlango ukagongwa. "Kamanda!" Ilikuwa sauti ya mshereheshaji. "Keki imeshaletwa, tunawasubiri nyinyi!"

"Subirini!" nikapaza.

Nitasema ukweli: kwa muda mfupi pale niliyumba. Wimbo mmoja ni nini? Tone lenyewe dogo, hospitali haikimbii. Na zaidi ya hayo nilitaka kumsikia. Nilitaka kusimama nyuma ya ile sauti mara moja tena, na nilijichukia kwa kuitaka. Mdogo wangu akaliona hilo usoni kwangu, si ananijua, akasimama, akachukua tarumbeta.

"Macho yangu hayana shida, dada. Daktari alisema hatari ni ya macho. Macho mazima kabisa, nakuona vizuri."

Hapo ndipo nikakumbuka kirungu.

"Simama hapo hapo," nikamwambia. "Niangalie puani, usihamishe macho. Nitanyoosha mikono pembeni niichezeshe. Ukiiona, sema."

"Sawa." Akanikazia macho puani kama mwanajeshi. Tulisimama hivyo, kimya, nje watu wanacheka. "Haya, anza basi, dada," alisema.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imenyooka zamani, kirungu kulia, kiganja kushoto, naipunga kama mtu anayefukuza nzi. Nilianza kuisogeza mbele, pole pole, bila kuacha kuipunga. Nikaisogeza tena. Mikono ilipokaribia kukutana mbele ya uso wake ndipo alishtuka, akarudi nyuma.

"Ulianza lini?"

Alitazama kirungu, akatazama mahali mikono ilikotokea, na nikaona anahesabu kichwani zile nyimbo alizochelewa kuingia. "Nilidhani leo hukuniita," alisema. "Nilidhani umenikasirikia, ndiyo maana nikawa nafuata kisigino cha Fundi Saa."

"Nilikuita kila mara."

Aliketi tena, akakizungusha kile kipande cha kupulizia, akakichomoa kwenye tarumbeta na kuniwekea kiganjani. Kilikuwa bado na joto lake.

"Lakini ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Ilikuwa nzuri mno. Ndiyo maana nilijua."

Mshereheshaji aligonga tena, safari hii akafungua. Nilimvisha ngoma yangu kubwa shingoni kabla hajamaliza kulalamika. "Piga moja, mbili, moja, mbili, na usiongeze maarifa," nikamwambia. Fundi Saa nilimpa ile noti ndefu aipige yeye. Aliponiangalia machoni hakuuliza, alimshika Baragumu bega akaenda kusimama mbele.

Tulitoka kwa mlango wa nyuma na sare zetu za vifungo vya dhahabu. Nilimlaza kwenye kiti cha mbele cha gari la bendi, kichwa kimeinuliwa kwa mto ninaowekea ngoma. Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika simu. Wifi aliposikia akasema, "Mimi nilidhani anakoroma kwa uchovu wa kazi, kumbe ni ulimi." Nikamwambia tukutane hospitali, alete kadi yake na vile vidonge. Tulipokwama kwenye foleni mdogo wangu alisema kichwa kinamuuma. Baadaye kidogo akasema shingo. Nilipomgusa paji la uso lilikuwa la moto, na mimi ambaye najisifu kwamba siogopi kitu nilipiga honi mfululizo nikipiga kelele za aibu dirishani hadi watu wakatupisha.

"Unafoka, dada," alisema, macho kayafumba.

"Nitafoka hadi mbinguni. Usilale. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote! Nitukane!"

"Unapiga ngoma haraka. Siku zote. Hatukuambii tu." Nilicheka huku nalia, na nikaongeza mwendo.

Homa ilikuwa imeshaanza kuingia. Daktari wa zamu alisema tungekuja kesho yake angetuambia maneno mengine. Walimtundikia dawa za mishipani, na kwa siku kadhaa hakututambua. Wifi alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, tukizungumza habari za bei ya sukari kwa sababu mengine hayakusemeka. Homa iliposhuka wakampiga picha. Uvimbe ulikuwa pale, umerudi mahali pake pa zamani na kusogea pembeni, karibu na mshipa mkubwa wa damu, na sehemu hiyo daktari alisema hawataigusa kwa kisu. Watatoa wanachoweza, kilichobaki kitachomwa kwa mionzi, na sindano kila mwezi, pengine kwa miaka. Mdogo wangu alisikiliza yote.

"Na midomo?" aliuliza.

"Itanywea," alisema daktari. "Hilo ndilo tunalolitaka."

Walimpasua tena puani. Safari hii walichota mafuta kidogo tumboni mwake wakazibia lile tundu, na Fundi Saa alipokuja kumwona alisema kitambi cha harusini hatimaye kimepata kazi. Alifika saa ya kuona wagonjwa ikiwa imekwisha, bila shaka, akaingia kwa kumdanganya mlinzi. Wakati mdogo wangu amelala, nilikuwa nasimama miguuni pa kitanda nikinyoosha mikono pembeni bila kusema kitu, kumbe wakati mwingine hakuwa amelala. Asubuhi moja alifumbua jicho akasema, "Nimeiona, dada. Yote miwili. Ishushe, utachoka."

Kile kipande cha kupulizia nilikaa nacho dukani, kwenye droo ya misumari midogo. Alikuja kukichukua mwenyewe, na karatasi ya daktari ya kumruhusu mkononi, kwa sababu alijua bila karatasi nitamfukuza. Niliisoma mara mbili. Duka halikuwa na mteja. Alikifuta kwa shati, akakichomeka kwenye tarumbeta, akasimama katikati ya makopo ya rangi, mwembamba wa uso, pete kidoleni.

Alipuliza. Ilitoka sauti nyembamba, kavu, ikakatika njiani, ikaunga tena. Sijawahi kusikia tarumbeta mbaya namna ile katika maisha yangu yote ya bendi. Alishusha mikono akanitazama, akingoja nimwongopee.

Nilikuwa nimeegemea kaunta, furaha imenijaa.

"Mbaya," nikamwambia. "Mbaya sana. Rudia."